Risasi za mazoezi kwa rivolva ya mtutu mfupi: mwongozo kamili kwa wenye cheti, Malindi na Lamu

Kila mara ni yaleyale. Mtu ana cheti chake halali, ana rivolva yake ndogo ya mtutu wa inchi mbili, anafika dukani anaambiwa "hizi ndizo za bei nafuu", anabeba. Akienda renji (uwanja wa kulengea shabaha) mkono unawaka moto, risasi zinapiga chini ya alama, maganda yanakwama kwenye silinda, ya tano inagoma kabisa, halafu anatoka pale anasema bastola ni mbovu, anataka kuiuza. Bastola haina shida bana. Risasi ilichaguliwa kwa bei, haikuchaguliwa kwa bastola ile.

Huu mwongozo ni wa wenye cheti cha silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kama huna cheti, hata risasi moja usiweke mfukoni, na usimwekee rafiki.

Nazungumzia rivolva za .38 Special na .357 Magnum, zile ndogo zinazobeba risasi tano, mtutu kama sentimita 5 hivi. Smith & Wesson fremu ya J, Ruger LCR, Taurus 85 na ndugu zao. Kama yako ni ya risasi sita utaratibu ni ule ule, ongeza moja tu kwenye hesabu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Cheti chako, na uwe umekisoma, sio kukikunja tu kwenye waleti
- Kitabu cha maelezo cha bastola (kimepotea? watengenezaji wengi wanakiweka bure kwenye tovuti zao)
- Aina mbili au tatu za risasi, boksi moja moja tu
- Risasi tano za aina unayobeba kila siku
- Kinga ya masikio na miwani ya kukinga macho
- Marka peni nyembamba
- Kipande cha kioo bapa, hata kioo cha kujitazamia
- Karatasi za shabaha na kisahani cha chai cha kuchorea duara
- Brashi ya mtutu, vitambaa, mafuta ya silaha
- Daftari
- Sabuni, maji, na shati la kubadilisha
- Kopo lisilopitisha hewa na vifuko vya silika jeli

Kalipa ya kupimia ukiwa nayo ni sawa, usipokuwa nayo marka inatosha.

## Hatua ya 1: Soma mtutu, halafu ndio usome boksi

Toa risasi zote, angalia silinda ni tupu, angalia tena, kisha soma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu. Hayo ndiyo yanayoamua. Sio maneno ya muuzaji wala ya yule aliyekuuzia bastola.

Ikiandikwa .38 SPECIAL, unaweka .38 Special peke yake. Ikiandikwa .357 MAGNUM, unaweka .357 na pia .38 Special, kwa sababu vichwa vyake (kile kipande kinachoruka) vina kipenyo kimoja na ganda la .38 ni fupi kwa kama milimita 3 na kidogo. Kinyume chake hakuna. Magnum inafanya kazi kwa presha ya hadi psi 35,000 wakati .38 Special ya kawaida mwisho wake ni psi 17,000, na urefu wa ganda la Magnum uliongezwa makusudi ili lisiingie kwenye bastola ya .38. Ukimwona mtu analazimisha, ondoka hapo.

Halafu kuna alama ya +P. Hiyo ni .38 Special yenye presha zaidi, mpaka psi 20,000. Bastola nyingi mpya zinaivumilia, nyingi za zamani hazikutengenezwa kwa ajili yake. Kama hakuna +P kwenye mtutu na kitabu hakisemi kitu, chukulia haifai. Na hata kama inafaa, kwa mazoezi huihitaji.

Onyo la pekee kwa wenye bastola za kizamani. Kuna Webley na Enfield za enzi za Mwingereza ambazo watu wanaziita "thati-eiti" tu. Hizo zinatumia .38 S&W, risasi nyingine kabisa, ganda lake fupi na nene kidogo. Ukienda dukani ukasema "nipe thati-eiti" bila kusema Special au S&W, utarudi na kitu kisichokuhusu, na zipo bastola za aina hiyo zilizochongwa silinda baadaye ili zikubali Special, ambazo binafsi nisingepiga hata moja kabla fundi wa silaha hajaiangalia.

Umefaulu ukiweza kuandika kwenye daftari mstari mmoja usio na shaka: bastola fulani, .38 Special, +P ndio au hapana.

## Hatua ya 2: Pigia hesabu nafasi ya cheti

Cheti kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Za kubeba na za mazoezi zinaingia kwenye hesabu hiyohiyo, sheria haijali umezinunua kwa kazi gani. Sasa mtu anakuta ofa, ananunua maboksi manne, akifika kwake ana risasi zaidi ya cheti, tayari ni kosa na bado hajapiga hata moja.

Maboksi ya mazoezi mengi ni ya risasi 50. Toa za kubeba, angalia kilichobaki kinatosha boksi ngapi. Kama nafasi ni ndogo, ulizia kama renji yenyewe inauza risasi za kupigwa palepale zikaisha, inakupunguzia mambo mengi, hata usafiri. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni tu na risiti uitunze.

Na tafadhali, za kujijazia nyumbani achana nazo. Kutengeneza risasi kunataka leseni yake, na zile za "jamaa yangu anajaza vizuri sana" ndizo zinazokuja na baruti mara mbili au hakuna kabisa.

## Hatua ya 3: Uzito wa bastola ndio unaosema mkono utaumia kiasi gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu wanaangalia nguvu ya risasi peke yake. Rivolva ndogo ya chuma kitupu ina kama gramu 600 na kitu. Ile ya fremu ya aluminiamu ni gramu 400 na kitu, na LCR ya .38 haifiki hata 400. Risasi ileile moja kwenye chuma ni teke la kawaida, kwenye aluminiamu ni kofi la kiganja. Hakuna uchawi, bastola nyepesi inarudi nyuma kwa kasi zaidi, na mpini wenyewe ni mdogo, vidole viwili tu vinashika, cha tatu kinaning'inia.

Uchungu una hasara yake. Baada ya risasi kumi zinazouma, kidole kinaanza kujihami, unabana macho kabla ya mlio, unaisukuma bastola chini, na kuanzia hapo unachofanyia mazoezi ni kuogopa. Mtu anapiga boksi zima la +P akidhani anajikomaza, kumbe anaharibu kile kidogo alichokuwa nacho.

Kwa hiyo:

Bastola ya aluminiamu au nyepesi zaidi, anza na wadikata (wadcutter, risasi ya kichwa bapa) yenye kichwa cha greni 148 (gramu 9.6 hivi). Hii ni mojawapo ya .38 laini kabisa za kiwandani, ilitengenezwa kwa kulenga shabaha tu, inaenda polepole na teke lake ni dogo.

Bastola ya chuma, greni 158 ya kawaida (gramu 10.2) au greni 130 iliyovikwa shaba, zote sawa, utapiga 50 ukatoka na mkono wako.

Bastola ya .357, mazoezi ni .38 Special. Magnum kwenye mtutu wa sentimita 5 ni moto na kelele, baruti nyingi inaungulia nje mbele ya mtutu badala ya kuisukuma risasi, unalipia mwanga. Piga chache ili ujue zilivyo, basi.

Kwa bastola nyepesi sana kitabu kinaweza kuwa na masharti ya ziada kuhusu uzito wa kichwa, hasa zile za Magnum zenye titani, ambazo zinakatazwa vichwa vya chini ya greni 120. Sababu yake ni kupunguza silinda ya titani kulika mapema.

## Hatua ya 4: Umbo la kichwa na kava lake

Utakutana na aina nne hivi.

Wadikata. Bapa kama imekatwa kwa kisu, inakaa ndani ya ganda mpaka imelingana na mdomo wa ganda. Inatoboa karatasi tundu safi la duara, hata ukiwa mbali unaona imepiga wapi, ndio maana walenga shabaha wanaipenda. Ubaya wake ni mmoja: kuijaza kwa haraka ni mateso, ule ubapa unagonga ukingo wa chumba cha silinda. Ukiwa unafanya mazoezi ya kujaza kwa spidiloda (kifaa cha kujaza silinda yote kwa mara moja), siku hiyo tumia za kichwa cha mviringo.

Ledi (lead) tupu, kichwa cha mviringo. Greni 158, ya kizamani, mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, na inaingia kwenye silinda vizuri. Ila ina moshi, ina uchafu, inaacha michirizi ya ledi kwenye mtutu, na ledi ni sumu. Kwenye renji ya ndani yenye feni moja ya kuchoka mimi siitumii kabisa.

Iliyovikwa shaba (FMJ) au iliyopakwa shaba. Greni 130 au 158. Safi zaidi, vidole havichafuki sana. Kwa mtu anayeanza na hana muda wa kusugua mtutu kila jioni, hii ndiyo ningemnunulia.

Greni 110 na 125 nyepesi. Zinauzwa, nyingine ni +P. Zina nafasi yake kama unachobeba ni uzito huohuo, vinginevyo hapana, na utaona kwa nini kwenye hatua ya 6.

Maganda nayo yaangalie. Ya shaba ndiyo salama kwa kila bastola. Yaliyopakwa nikeli, yale meupe, yanateleza vizuri wakati wa kutoka na yanahimili chumvi yetu ya baharini zaidi. Ya aluminiamu yanafanya kazi, unapiga unatupa. Ya chuma yenye vanishi mimi nayakwepa kwenye rivolva ndogo, vyumba vikipata joto yanagoma kutoka.

Kuhusu majina, Sellier & Bellot ya Cheki, Fiocchi ya Italia, Magtech ya Brazil na Prvi Partizan ya Serbia zote zina .38 Special za mazoezi. Usiwe mfuasi wa jina. Unayoipata kila mara ni bora kuliko nzuri unayoipata mara moja kwa mwaka.

## Hatua ya 5: Kagua risasi moja moja

Boksi likishakuwa mkononi, zimwage juu ya kitambaa safi, mchana, pasipo na watoto, na bastola iwe imefungiwa mbali. Dakika kumi tu.

Soma kitako cha kila moja. Kiandikwe 38 SPL, au 38 SPL +P, au 357 MAG, kulingana na ulichonunua. Maboksi huchanganywa, mtu alifungua akarudisha mabaki ya aina nyingine.

Kisha jaribio la kioo. Isimamishe risasi kwa kitako juu ya kioo. Ikisimama imara, sawa. Ikiyumba, huenda praima, kile kiduara cha katikati, imetokeza nje. Praima ikitokeza inasugua chuma cha nyuma ya silinda, silinda inakuwa ngumu kuzunguka au inakwama kabisa, na watu wengi "bastola imejam" yao ni hii tu. Itenge hiyo risasi, usijaribu kuisukuma ndani kwa kitu chochote, praima ndicho kilipuzi chenyewe.

Angalia pia nyufa mdomoni mwa ganda, vichwa vilivyolegea ukizungusha kwa vidole, na kutu ya kijani. Kijani kidogo cha kufutika kwa kitambaa kikavu ni sawa. Kijani kilichokula mpaka shaba ina mashimo, tenga.

Zilizotengwa zirudishe kwa muuzaji au zipeleke kituo cha polisi. Pipa la taka hapana, na baharini hapana.

## Hatua ya 6: Tano tano kwenye karatasi

Renji iliyoidhinishwa, hapo hakuna mjadala. Najua kuna mwenye kusema ataenda nyuma ya matuta ya Shela au pembeni ya Arabuko-Sokoke hakuna mtu. Kwanza ni kosa, pili risasi ikigonga maji kwa mlazo inaruka inaendelea na safari, ikigonga jiwe la matumbawe inarudi inakotaka yenyewe. Na "hakuna mtu" ya huku kwetu unaijua, kuna mvuvi, kuna mtoto anafuata punda.

Weka karatasi mita 7. Chora duara kwa kisahani cha chai. Egemeza mikono juu ya kitu imara, sio bastola yenyewe, na vidole vyote viwe nyuma ya silinda, kwa sababu pale silinda inapokutana na mtutu kuna upenyo unaotoa gesi ya moto ubavuni. Mwenzako asisimame usawa huo.

Anza na tano za kubeba. Lenga katikati, piga polepole, zungushia matundu kwa marka, andika jina. Karatasi mpya, tano za aina ya kwanza ya mazoezi. Karatasi mpya, aina ya pili. Hivyohivyo. Pumzika katikati, mkono uliochoka unadanganya.

Sasa linganisha. Saiti (alama za kulengea) za rivolva hizi hazisogezwi, na nyingi, hasa za muundo wa zamani, zililinganishwa kiwandani na greni 158. Kichwa chepesi chenye kasi kinatoka mtutuni mapema, kabla mtutu haujainuka sana kwa teke, kwa hiyo kinapiga chini. Kizito na cha polepole kinakaa ndani muda zaidi, mtutu umeshainuka, kinapiga juu. Ndio yule mtu wetu wa mwanzo anayelia bastola inapiga chini, kumbe amenunua greni 110.

Unachotafuta ni risasi ya mazoezi inayopiga palepale inapopiga unayobeba, au tofauti ya sentimita mbili tatu. Njia fupi ni kulinganisha uzito, unabeba 158 fanya mazoezi na 158, unabeba 125 tafuta 125 au 130. Lakini karatasi ndiyo hakimu, sio namba ya boksi, maana nimeona wadikata ya 148 ikilingana vizuri kabisa na kitu tofauti na yenyewe.

Umefaulu ukiona: tano zote ndani ya kisahani, na kitovu cha kundi hilo kiko karibu na kitovu cha za kubeba. Kama makundi yote yametawanyika hovyo, ya kubeba na ya mazoezi, tatizo ni kidole, rudi kwenye wadikata, na nyumbani fanya kubonyeza triga kwa risasi bandia za plastiki, risasi za kweli zikiwa chumba kingine kabisa.

## Hatua ya 7: Jaribio la risasi ya mwisho

Hili watu hawalijui na ndilo linalowafunga silinda katikati ya mazoezi.

Kila unapopiga, bastola inavutwa nyuma kwa ghafla, lakini vile vichwa vya risasi ambazo hazijapigwa vinataka kubaki palepale vilipo. Kama mdomo wa ganda haukubana vizuri, kichwa kinachomoka kidogo kidogo kwenda mbele. Kikitokeza mbele ya silinda, kinagonga fremu na silinda haizunguki tena. Kadiri bastola ilivyo nyepesi na risasi ilivyo kali, ndivyo inavyotokea.

Fanya hivi: chukua risasi tano, chora mstari wa marka pale kichwa kinapoingia ndani ya ganda. Moja itie alama kitakoni na uiweke ipigwe ya mwisho. Piga nne. Fungua silinda, toa ile ya tano, itazame. Mstari uko palepale? Vizuri. Kuna upenyo kati ya mstari na ganda, au kalipa inasema imerefuka? Hiyo risasi haifai kwa bastola hiyo, hata iwe ya bei gani. Kwenye bastola nzito ya rafiki yako inaweza kuwa nzuri tu.

Ile ya tano uliyoitoa, kama haijasogea ipige. Kama imesogea, itenge.

## Hatua ya 8: Maganda yatoke

Mtutu mfupi maana yake na fimbo ya kutolea maganda ni fupi. Haisukumi ganda mpaka mwisho, lazima umalizie kwa mwendo. Fungua silinda, inua mtutu uelekee juu kwa utaratibu wa renji yako, piga fimbo mara moja kwa kiganja, kwa nguvu. Sio kusukuma taratibu kwa kidole gumba. Ukisukuma taratibu huku bastola imelala, ganda moja linateleza linaingia chini ya ile nyota ya kutolea (kile chuma cha umbo la nyota kinachosukuma maganda), na hapo utahangaika mpaka ukome.

Kuinua mtutu kuna faida ya pili. Mtutu mfupi hauunguzi baruti yote, vipunje vinabaki, na vikianguka chini ya nyota silinda haifungi sawasawa.

Risasi nzuri kwa bastola yako maganda yake yanatoka yote matano kwa pigo moja, na hayo maganda hayana mikwaruzo mirefu wala uvimbe. Yakihitaji kung'olewa na bastola ni safi, badili aina. Yakigoma ya kila aina, kampelekee fundi.

## Hatua ya 9: Ikigoma au ikilia vibaya

Ukibonyeza ikasema "tik" bila mlio, usibonyeze tena. Kwenye rivolva hamu ya kubonyeza ije nyingine ni kubwa, izuie. Elekeza kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, kwa sababu kuna inayochelewa kulipuka na hutaki ilipuke ikiwa imeshapita usawa wa mtutu. Baadaye fungua, angalia praima. Alama ya nyundo ni ndogo ya juujuu? Springi imelegezwa au praima ni ngumu, aina nyingine inaweza kulia bila shida. Alama ni ya kina na bado haikulia? Risasi mbovu.

Ikilia "puf" dogo, teke hakuna, simama. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua mtutu huo mkononi mwako. Toa risasi zote, silinda ikiwa wazi angalia kama mwanga unapita mtutuni. Haupiti, mwite msimamizi wa renji, usigonge na chochote. Silinda ikikataa kufunguka kabisa, huenda kichwa kimekwama nusu huku nusu kule, nayo pia ni kazi ya fundi.

Boksi lililotoa moja ya namna hiyo, silipigi tena lote.

## Hatua ya 10: Usafi, wako na wa bastola

Usile wala usivute sigara renji. Hata muguka weka kando kwanza. Ukimaliza osha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, badili shati kabla hujambeba mtoto, na hilo shati lifuliwe peke yake. Ledi haionekani lakini ipo, kwenye praima pia, kwa hiyo hata za kuvikwa shaba hazikuondolei hili.

Bastola isafishe siku hiyohiyo. Usingoje Jumapili. Mtutu, vyumba vyote, chini ya nyota. Kama unapiga .38 kwenye .357, ndani ya vyumba kutabaki pete ya masizi pale ganda fupi linapoishia, isugue mpaka iondoke, la sivyo siku ukiweka Magnum haziingii mpaka mwisho au haziwezi kutoka. Na ule ushauri wa kupiga mbili za shaba mwishoni ili zifagie ledi mtutuni, achana nao, brashi ipo kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 11: Kutunza kwenye hewa ya chumvi

Vitabu vya Ulaya havitusaidii hapa. Nyumba ya Lamu iliyo usoni mwa bahari, msimu wa kusi, kitasa tu kinaota kutu, sembuse risasi.

Weka risasi kwenye boksi lake, boksi ndani ya kopo lenye mpira wa kuziba, silika jeli mbili tatu ndani, na kopo ndani ya sefu au kabati la chuma lenye kufuli. Silika jeli ikishajaa maji ibadilishe au ikaushe. Friji hapana, ukitoa risasi inatoka jasho. Gari lililoegeshwa juani hapana.

Usiache risasi kwenye mikanda au ala za ngozi. Dawa zilizolainisha ngozi pamoja na jasho letu zinaitia shaba kijani upesi sana. Ala ni ya kubebea, kulaza risasi humo wiki nzima hapana.

Wala usipake risasi mafuta. Mafuta mepesi ya kupuliza yanapenya kwenye praima na kuiua, utasikia "tik" siku unayotaka "bam". Bastola ipakwe, vyumba vya silinda vifutwe vikauke kabla ya kujaza.

## Hatua ya 12: Safari

Barabara ya Malindi kwenda Garsen, Witu mpaka Mokowe ina ukaguzi, cheti kiwe na silaha, sio nyumbani. Ukikaguliwa, sema mapema kuwa umebeba na ngoja uambiwe, mikono ionekane. Kwenye boti ya kwenda Amu kopo lifunike lisipate maji ya chumvi.

Kwa ndege kutoka Malindi au Manda, piga simu kwa shirika kabla, sio siku ya safari. Lazima wakubali, silaha na risasi zitangazwe, zikaguliwe, ziende na mzigo wa chini, na kikomo cha kimataifa cha risasi ni kilo 5 kwa abiria pamoja na kifungashio. Mkoba wa mkononi upekue mara tatu, risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa begi itakukosesha ndege na pengine zaidi.

## Hatua ya 13: Sasa ndio ununue za kutosha

Kwenye daftari una majina mawili matatu yenye alama: imepiga palepale, ya tano haikusogea, maganda yametoka, hakuna iliyogoma. Ile iliyopita zote nne ndiyo yako. Zikipita mbili, chukua ya teke dogo. Zikipita zote, hapo sasa ndio uangalie bei.

Nunua mpaka pale cheti kinaporuhusu, na maboksi yawe ya namba moja ya toleo, imepigwa muhuri kwenye boksi. Toleo likibadilika, hata jina ni lilelile, rudia kioo, tano za karatasi na ile ya mwisho yenye mstari wa marka, kabla hujalifungua boksi la pili.